Habari Ziwafikie

Siku nne zilikuwa zimebaki. Fortunata alizihesabu tena asubuhi ile ya Jumatano akipiga pasi gauni lake la kitenge, akahesabu kwa vidole kama mtoto wa chekechea, akacheka peke yake bwenini. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, kisha Jumapili, na Jumapili ndiyo siku ambayo mshenga wa Loth, mchumba wake, angepanda mlimani hadi kijijini kwao Mamba kwenda kuketi mbele ya baba yake.

Usimcheke. Miezi minane mizima alikuwa ameingoja siku hiyo. Baba yake alikuwa katekista wa kigango, mtu wa maneno machache na msimamo mgumu, na aliposikia kwamba kijana wa binti yake ni Mlutheri aliweka kijiko chini na hakumaliza chakula. Alisema yeye anafundisha watoto wa watu kipaimara, haiwezekani wa kwake mwenyewe aende kusali kwa wengine. Mama Ernesta, mama yake Fortunata, hakubishana naye. Alimchukulia taratibu tu, shambani wakipalilia tangawizi, jioni wakiota moto, hadi wiki iliyopita mzee akachoka kukataa. "Aje," alisema. "Nimsikie." Kwa mtu wa namna ile, maneno hayo mawili yalikuwa sherehe kamili.

Tangu hapo Fortunata alitembea chuoni kama mtu aliyepewa siri nzuri. Loth ndiye hakuchangamka sana. Alisema ni vizuri, alisema atamwambia mjomba wake ajiandae, kisha akaanza kuuliza habari za mvua na utelezi wa barabara ya Mamba. Mara mbili alikuwa ameshasogeza tarehe. Mwezi wa tisa mjomba aliumwa mgongo. Mwezi wa kumi kulikuwa na mavuno. Fortunata alikuwa amesamehe yote hayo, maana penzi likikukolea unaamini hata mgongo wa mjomba usiyemfahamu.

Saa saba kasoro alishuka kwenda redioni. Upepo wa Same ulikuwa umeanza ukorofi wake wa mchana, unasomba vumbi la uwanjani na kulipiga kwenye mabati, na juu kule milima ilikuwa imevaa wingu zito tangu alfajiri, hata kilele cha Shengena hakikuonekana. Hali ya hewa haikupendeza, lakini yeye hakuijali.

Redio yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya bwalo la chakula, zamani ghala la magunia ya mahindi. Wanafunzi walikuwa wamekigawa kwa kioo katikati, wakabandika trei za mayai ukutani ili sauti isirudi, wakasimamisha mlingoti kwenye kilima nyuma ya chuo. Jina la kwenye barua lilikuwa Redio ya Chuo, lakini kila mtu aliiita Redio Kibanda. Hapakuwa na mkurugenzi wala orodha ya nyimbo. Ukipewa saa zako ni zako, piga unachotaka, sema unachotaka. Kuna aliyepiga taarabu na kwaya bila hata kupumzika katikati, kuna aliyesoma shairi lake la kurasa tisa, na Isihaka, kijana wa Hedaru mwenye zamu ya Jumatatu, aliwahi kutumia saa mbili kueleza namna makande yanavyopaswa kupikwa na hakuna aliyemzuia. Mwalimu mlezi alipita mara moja kwa mwezi kuangalia kama hawajaunguza jengo.

Sheria ilikuwa moja tu, na iliandikwa kwa kalamu nyekundu juu ya mlango. Tangazo la msiba husomwa mara mbili, kama lilivyoandikwa, na jina la mtu halirukwi.

Sheria hiyo haikutungwa ofisini. Mwaka wa kwanza wa redio, mtangazaji mmoja mvivu aliona orodha ya ndugu ni ndefu, akasoma majina matano na kumalizia na "pamoja na wengine wote". Siku ya tatu mzee mmoja akateremka kutoka mlimani na fimbo yake, amepanda gari mbili, akataka kujua ni nani aliyemwita "wengine" kwenye msiba wa kaka yake wa tumbo moja. Alisema ataishtaki redio. Nanyi mnatujua Wapare na kesi zetu, hakuwa anatania. Walimwomba radhi, wakampa chai, wakasoma tangazo upya siku ile ile na jina lake wakalitamka mara tatu. Kwa sababu huku kwetu tangazo la msiba ndilo linalosema nani ni nani. Linampa kila mtu mahali pake karibu na marehemu, kwa sauti, dunia yote ikisikia.

Loth alikuwa ameshafika. Yeye alikuwa fundi wa mitambo, na alikaa upande wa pili wa kioo na vifungo vyake. Ndipo penzi lao lilipozaliwa, hapo kwenye kioo. Mtangazaji akiwa hewani fundi hawezi kumsemesha, basi wiki nyingi za mwanzo walikuwa wakitazamana tu. Alimfundisha ishara za vidole, hiki maana yake dakika moja, hiki maana yake sogea karibu. Baadaye alibuni moja ambayo haimo kwenye kitabu chochote cha utangazaji, kidole gumba kikigusa kifuani mara mbili, na Fortunata alipouliza ni ya nini alimwambia akili kichwani mwake. Tangu siku ile kila Jumatano alisoma salamu za wasikilizaji huku uso ukimwaka moto.

Siku hiyo ishara haikuja. Loth alimwamkia, akainamia mitambo. Fortunata alimuuliza kama amelala vibaya, akajibiwa ni kichwa tu.

Kipindi chake kiliitwa Lolote. Kilianza vizuri, akapiga rumba la zamani alilolipata kwenye simu ya mjomba wake, akasoma salamu, akataniana na msikilizaji wa Makanya aliyedai kwamba mbuzi wake husikiliza redio. Ilipofika saa nane kasoro dakika kumi mlango uligongwa. Alikuwa dereva wa bodaboda, mtu mzima, amefunikwa na vumbi hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo," Fortunata alimwambia kwa sauti ya chini, wimbo ukiendelea.

"Marahaba, mwanangu. Nimetoka Mhezi. Tumefiwa." Akatoa karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mistari, imekunjwa mara nne. "Aliyeandika ameomba usome polepole. Bibi yao masikio hayasikii vizuri, na amewekewa redio kitandani."

Fortunata alimpa pole, akamwahidi atasoma polepole. Mtu yule hakungoja hata maji. Alisema inabidi awahi Hedaru kabla ya jua kuzama kumchukua mdogo wa marehemu, akawasha pikipiki yake akaondoka. Wimbo ulikuwa unakwisha. Hapakuwa na muda wa kulipitia tangazo, na kwa kweli hakuona haja, maana mwandiko ulikuwa mzuri, wa mtu aliyesoma. Alimwonyesha Loth karatasi kupitia kioo na ishara ya mkono kifuani ambayo ilimaanisha msiba. Loth akashusha muziki. Taa nyekundu ikawaka.

"Wapendwa wasikilizaji, sasa ni tangazo la msiba," alisema Fortunata, na sauti yake ikabadilika yenyewe, ikatulia. "Familia ya Mchome ya kijiji cha Mhezi inasikitika kutangaza kifo cha baba yao mpendwa, mzee Fanueli Mchome, kilichotokea usiku wa kuamkia leo nyumbani kwake. Habari ziwafikie mdogo wa marehemu, Nathanaeli Mchome, aliyeko Hedaru. Dada wa marehemu, Agatha, aliyeko Mamba. Watoto wa marehemu, Elibariki, aliyeko Dodoma, na Eliaichi, aliyeko nyumbani Mhezi. Habari zimfikie pia mkwe wa marehemu, Loth Zephania Mgonja, aliyeko chuoni Same."

Aliyasoma maneno hayo vizuri kabisa. Ulimi ulitangulia, moyo ukabaki nyuma, kama unavyokanyaga kitu barabarani na kupita hatua mbili ndipo unauliza umekanyaga nini. Akaendelea, mazishi ni kesho Alhamisi saa nane mchana, ndugu na marafiki wote wa marehemu mnaombwa kufika. Kisha akanyanyua macho.

Loth hakuwa anamtazama. Alikuwa ameinamisha kichwa, viganja viwili juu ya meza, kama mtu anayengoja kuchapwa.

Zilipita sekunde nne, tano, redio kimya. Halafu mkono wa Loth ukasogea wenyewe kwa mazoea, akaweka mfululizo wa kwaya zisizo na ngoma kama ilivyo desturi baada ya tangazo, na taa nyekundu ikazimika.

Fortunata hakusimama. Alikuwa na neno moja tu kichwani na lilikuwa linagonga. Mkwe. Huwezi kuwa mkwe kwa bahati mbaya. Mtu haitwi mkwe mpaka barua ya uchumba imepelekwa na kupokelewa, wazee wameketi, na pande zote mbili zimeanza kuitana wakwe. Simu ya redio mezani ilianza kutetemeka. Poleni wafiwa wa Mhezi, poleni sana. Kisha ujumbe mwingine kutoka kwa wanafunzi wenzao. Kumbe Loth ana wakwe? Na Fotu je? Akaigeuza simu uso chini.

Loth alikuja upande wake, akafunga mlango, akasimama hapo hapo mlangoni.

"Nilitaka kukuambia," alisema.

"Lini?"

"Kabla ya Krismasi."

"Jumapili ni kabla ya Krismasi, Loth. Baba yangu anamngoja mshenga wako Jumapili."

Nje upepo ulikuwa unavuta bati moja lililolegea, linapiga na kuachia.

"Hakuna mshenga, Fotu," alisema. "Sijamwambia mjomba. Sijamwambia mtu yeyote."

Ndipo akaeleza, na kwa muda mrefu ni yeye tu aliyezungumza. Sekondari yake alisomea Mhezi juu, mbali na kwao, na mzee Fanueli alimpokea nyumbani kwake kama mtoto. Miaka minne alilala humo, akala humo, akafuliwa sare humo. Mwezi wa saba alipokwenda likizo alimkuta baba yake amekwisha kupeleka barua kwa ajili ya Eliaichi, na imepokelewa, na watu wameshakula. Alipofungua mdomo baba yake alimwambia huwezi kula makande ya mtu miaka minne halafu ukamkataa binti yake. Loth akanyamaza.

"Sikusema ndiyo," alimalizia. "Naapa, sikusema."

"Ulisema hapana?"

Loth alianza kukunja mkono wa shati lake.

"Nakuuliza. Ulimwambia baba yako hapana?"

"Sikusema kitu."

"Na wewe umekulia huku," Fortunata alisema polepole. "Mtoto akinyamaza mbele ya wazee, huku kwetu inaitwaje?"

Loth alijua inaitwaje. Kila mtu kuanzia Mamba hadi Usangi anajua. Alikaribia, akapiga goti moja kando ya kiti chake, akataka kumshika mkono, naye akauweka mkono huo juu ya karatasi. Machozi yalikuwa karibu lakini hakutaka kuyatoa mbele yake. Kilichomuuma zaidi, na aliona aibu kwamba ndicho kinachomuuma zaidi, ni kwamba bado alimpenda. Alitazama ule utosi aliouzoea, ile kola iliyochakaa upande mmoja, na moyo wake mjinga ukamwonea huruma.

"Nakupenda wewe," Loth alisema. "Eliaichi nilimwona kama dada. Yeye mwenyewe sijui kama ananitaka, hatujawahi kuongea habari hiyo. Fotu, nisikilize. Njia ipo."

"Njia gani?"

Alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane na robo. Tangazo lilitakiwa kurudiwa saa nane na nusu.

"Usomapo mara ya pili, ruka jina langu."

Fortunata alidhani hakusikia vizuri.

"Ruka jina langu tu," alirudia Loth, na sasa maneno yalikuwa yanamtoka haraka haraka. "Watu wa Mhezi wote wanasikiliza. Mara ya kwanza mkwe yupo, mara ya pili hayupo. Wataelewa. Watajua nimejitoa. Baba atakasirika, watanung'unika, lakini litakuwa limekwisha, na mimi sitakuwa nimemtukana mtu mdomoni kwake. Kisha naja kwenu. Hata Jumapili hii. Nakuja mwenyewe kama sina mshenga."

Na hapa ndipo ningetaka kukudanganya, msomaji, niseme kwamba Fortunata alimkatalia pale pale. Hakumkatalia. Kwa dakika nzima aliiona hiyo Jumapili. Alimwona Loth akipanda njia ya kwao akiwa amevaa shati jeupe, akamwona baba yake akisogeza kigoda. Jina moja tu. Kupumua kidogo kati ya Eliaichi na mazishi, na mwanamume huyu ni wake. Nani angemlaumu? Angesema karatasi ilikunjwa. Angesema macho yaliruka mstari.

Aliitazama karatasi. Chini kabisa, mahali ambapo tangazo lilikuwa limekwisha na hapakuwa na cha kusoma hewani, palikuwa na mstari mmoja mdogo. Mwandishi ni mimi, Eliaichi Fanueli, binti wa marehemu.

Kwa hiyo ule mwandiko mzuri ulikuwa wake. Baba yake amekata roho usiku, na kulipokucha, wengine wakilia, yeye ametafuta daftari akakaa akawakumbuka watu wote mmoja mmoja, wa Hedaru, wa Mamba, wa Dodoma. Alipofika mwisho akamwandika Loth kwa majina matatu, bila kufuta popote. Saa hii ameketi kando ya kitanda cha bibi yake na redio imewashwa. Anangoja marudio.

"Mpigie simu baba yako," Fortunata alisema.

"Nini?"

"Simu unayo. Mpigie sasa hivi umwambie hapana. Ukimwambia, mimi nitakaa hapa nikungoje mwaka, miwili, hata kumi. Sitaruka jina lako, lakini nitakungoja."

"Leo? Kwenye msiba? Mzee Fanueli hajazikwa."

"Basi ingia hewani. Hii ndiyo redio ambayo kila mtu anasema anachotaka. Kiti hiki hapa." Alisimama kweli, akakisogeza kiti. "Sema mwenyewe, kwa mdomo wako, kwamba wewe si mkwe wa watu wale."

Loth alikitazama kiti, kisha maikrofoni, na uso wake ukawa wa mvulana wa miaka kumi. Midomo ilifunguka. Fortunata aliomba kimoyomoyo, aliomba kwa majina yote ya watakatifu aliyofundishwa na baba yake, kwamba mwanamume huyu atamke neno moja.

"Siwezi," Loth alisema. "Wewe ungeweza kwa urahisi tu. Ni kuruka tu."

"Unataka mimi ndiye nimwambie," alisema Fortunata. "Msichana aliyefiwa na baba leo, unataka asikie kwa sauti yangu kwamba ameachwa. Na wewe usijulikane hata ulikuwa wapi."

"Si hivyo."

"Ndivyo ilivyo, Loth. Na ukinioa mimi itakuwa ndivyo. Kila neno gumu nitalisema mimi."

Kwaya ya mwisho ilikuwa inakwisha. Loth alisimama, akasubiri kidogo kama kuna litakalobadilika, halafu akarudi upande wake wa kioo kwa sababu saa ilikuwa imefika na hapakuwa na mtu mwingine wa kufungua maikrofoni.

Taa nyekundu ikawaka.

Fortunata alijikaza akaanza. Alisoma polepole, kama alivyoombwa, kwa ajili ya bibi asiyesikia vizuri. Alimtaja mdogo wa marehemu. Alimtaja dada. Alipofika kwa watoto aliona mkono wa Loth ukiwa juu ya kifungo cha sauti yake, kile ambacho ukikishusha mtangazaji anapotea hewani. Aliuona ule mkono na akaelewa anachofikiria. Hakusimama. Alimtazama usoni na kumtaja Eliaichi, aliyeko nyumbani Mhezi, kisha akavuta pumzi.

"Habari zimfikie pia mkwe wa marehemu," alisema, "Loth Zephania Mgonja, aliyeko chuoni Same."

Mkono ulibaki hapo hapo juu ya kifungo. Hata hilo Loth hakuweza kulifanya.

Alipomaliza aliaga wasikilizaji kabla ya muda wake, akampa Loth ishara ya kuweka kwaya nyingine ndefu, akavua vipokea sauti vya masikioni. Wakati anakunja ile karatasi Loth alikuwa ameshavaa koti lake. Alisimama nje ya mlango, upepo ukimpiga, hajui aende au abaki, na alimuuliza kama atamchukia. Fortunata alimwambia pikipiki za milimani zinaondoka mapema mvua ikitishia, na kwamba mkwe hafiki msibani siku ya kuzika kama mgeni, hufika kukesha. Alilisema kwa upole kabisa. Loth aliipandisha kola ya koti hadi masikioni. Alivuka uwanja ameinama dhidi ya vumbi hadi bwalo likamficha.

Ndipo simu yake mwenyewe ikaita. Ilikuwa mama yake.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba mwanangu, pole na kazi. Tumekusikia." Nyuma yake zilisikika sauti za wanawake na maji, walikuwa wanaosha tangawizi. Mama Ernesta alieleza kwamba yule Agatha wa kwenye tangazo ni jirani yao wa bonde la pili, kwamba kesho wote wanakwenda Mhezi kuzika, na kwamba itafaa Fortunata amwambie kijana wake wasogeze ugeni wa Jumapili, watu wasije wakaona wanashangilia wakati wenzao wana matanga. Halafu akacheka kidogo. "Na majina haya ya Biblia, jamani. Mkwe wao naye ni Loth, na yuko chuo hicho hicho. Nimemwambia baba yako mtachanganyikiwa mkiitana."

Fortunata aliikunjua tena ile karatasi mezani.

"Fotu?"

"Ndiye huyo, mama."

Maji yaliendelea kumwagika huko Mamba. Kisha ilisikika simu ikipita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, na hatua za mtu anayejitenga na watu, na pumzi nzito aliyoifahamu tangu utotoni.

Miezi minane baba yake alikuwa amesema hapana, na sasa alikuwa na haki ya kusema nilikuambia. Angemwambia kuhusu dhehebu, kuhusu vijana wa siku hizi, kuhusu aibu. Alijiandaa kuyapokea yote.

"Fortunata," baba alisema.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimelisikiliza lile tangazo mara zote mbili." Alikohoa. "Mara ya pili ulikuwa unajua."

"Ndiyo, baba."

"Na hukumruka."

"Sikumruka."

Mzee alikohoa tena. Alipozungumza tena sauti ile iliyozoea kusomea watu kanisani ilikuwa imekwaruza.

"Nimesogeza kitanda chako karibu na dirisha, mama yako alitaka nafasi ya viti vya wageni wa Jumapili," alisema. "Panda leo. Usingoje kesho. Nitakuja kukungoja barabarani."

Fortunata aliweka paji la uso juu ya meza ya redio, simu ikiwa bado sikioni, na sasa akalia.